Magari yanakimbia mtaani kwetu: tumwage zege Jumamosi?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma tangu mtaa huu ukiwa vichaka na mashamba ya mtama. Barabara yetu ilipowekwa lami tulishangilia. Sasa tunaiogopa. Magari yanapita kama yako njia ya Morogoro. Mwezi uliopita mjukuu wa jirani yangu, mtoto wa darasa la pili, aligongwa na pikipiki akitoka dukani kununua chumvi. Amevunjika mguu, tunamshukuru Mungu yuko hai. Wazazi wamechanga shilingi 420,000 na hela nimepewa mimi nizishike. Vijana wanataka Jumamosi hii tumwage zege, matuta manne, yawe marefu kwenda juu "mpaka dereva akome". Mwenyekiti wa mtaa anasita. Tuanze au tusianze?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Pole sana kwa mtoto, na bibi yake umfikishie pole zangu.

Jumamosi hii msimwage zege. Hela usizirudishe, zina kazi, na nitakueleza kazi yake. Vijana wako waambie hasira yao ni ya haki na kwamba hata mimi ningekuwa nimesimama pale mtoto akiokotwa, ningeshika sururu usiku huohuo. Lakini nimeshaona tuta la hasira linavyofanya kazi, na sitaki mlione.

Ilikuwa mtaa mwingine hapahapa mjini, miaka kadhaa iliyopita. Mtoto aligongwa Ijumaa. Jumapili asubuhi barabara ilikuwa na tuta la mawe na udongo uliochanganywa na saruji kidogo, kimo chake karibu na goti la mtoto mdogo. Halikupakwa rangi. Taa za barabarani hazikuwepo. Wiki ya pili, kama saa tatu usiku, bodaboda akapita akiwa amepakia mama anayetoka kazini. Yule kijana hakuwa mkimbiaji. Hakujua tu kuwa pale pamepandwa kitu, kwa sababu mara ya mwisho alipopita hapo hapakuwa na kitu. Nilifika kesho yake kwa kazi. Kiatu kimoja cha yule mama kilikuwa bado kwenye mtaro, na ndoo ya plastiki aliyoibeba imepasuka vipande viwili. Alivunjika taya. Waliojenga tuta walikuwa majirani zake.

Hapo sijagusa sheria. Barabara ya umma ina mwenye dhamana nayo, na Sheria ya Barabara ya 2007 hairuhusu mtu kuichimba wala kujenga kitu juu yake bila idhini. Mtu akiumia kwenye tuta lenu, wa kwanza kuulizwa ni aliyeshika hela za zege, yaani wewe. Mwenyekiti wako hasiti kwa woga; anasita kwa busara.

Sasa tuingie kwenye shida yenyewe. Dereva anaendeshwa na barabara kuliko tunavyopenda kukubali. Ukimpa mita saba za lami nyororo, imenyooka, haina miti wala magari yaliyoegeshwa kandokando, mguu wake unakandamiza mafuta bila yeye kuamua. Hana ubaya na watoto wa Nkuhungu. Macho yake yameambiwa na lami kwamba hapa ni njia kuu, na anaitii lami kabla hajasoma kibao. Ndiyo maana mtaa wenu ulikuwa salama ulipokuwa wa vumbi na mashimo, ukawa wa hatari ulipotengenezwa. Dodoma tunalo tatizo hili kwa wingi kwa sababu viwanja vyetu vingi vilipimwa kwa mpango na barabara zikaachiwa nafasi pana. Cha kusikitisha ni kwamba mpango mkuu wa kwanza wa makao makuu, ule wa 1976 ulioandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, ulimtanguliza mtembea kwa miguu na basi. Magari yalikuwa machache mno wakati ule. Sensa ya 2022 imekuta jiji lina zaidi ya watu 765,000, serikali imehamia, na mtu anayetakiwa kuwa ofisini Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, saa moja na nusu asubuhi anatafuta uchochoro wowote wenye lami.

Kwa hiyo kazi yetu ni kuibadilisha barabara imwambie dereva jambo jingine. Tuta ni neno moja katika maelezo hayo. Yako mengine.

Kabla ya yote, pimeni. Mwalimu, hii ni hesabu ya darasa la sita na wewe ndiye mtu wake. Chukueni tepu, pimeni mita 50 kandokando ya barabara, mahali palipo wazi na mbali kidogo na kona. Wekeni mstari wa chaki mwanzo na mstari wa chaki mwisho. Watu wawili wakae kivulini, mmoja na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, mwingine na daftari. Gari likigusa mstari wa kwanza, bonyeza. Likigusa wa pili, bonyeza. Sekunde 6 ni kilomita 30 kwa saa. Sekunde 4 na nusu ni kilomita 40. Sekunde 3.6 ni 50, ambao ndio ukomo wa kisheria katika maeneo ya makazi kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973. Sekunde 3 kamili ni 60. Andikeni muda, aina ya chombo na upande kilikotoka. Fanyeni asubuhi watoto wakienda shule, fanyeni jioni, fanyeni na Jumapili moja. Msivae vizibao vinavyong'aa. Dereva akidhani ni trafiki wenye tochi ya kupimia mwendo atapunguza mwendo na kipimo chote kitakuwa cha uongo. Na watoto wasikae karibu na mstari kushangaa.

Mkipata vipimo mia, vipangeni kuanzia wa taratibu mpaka wa kasi, kisha tazameni cha 85. Hicho ndicho sisi wahandisi tunachokiangalia, kwa sababu kinaonyesha mwendo ambao madereva walio wengi hawauzidi, bila kupotoshwa na kichaa mmoja aliyepita na 90. Kama cha 85 ni kilomita 38, barabara yenu haina ugonjwa mkubwa, ina watu wachache wa kuzungumza nao. Kama ni 55, barabara yenyewe ndiyo mgonjwa.

Kuna jambo lingine mtaligundua kwenye daftari, na nakuomba ujiandae nalo. Asubuhi moja nilisimama chini ya mwarobaini nikipima namna hii na mjumbe wa kamati ya mtaa. Noah nyeupe ikapita kwa sekunde 3 na kidogo, nyuma imejaa sare za shule. Mjumbe akashika kalamu asiandike. Nikamuuliza, akasema, "Huyo ni shemeji yangu, nyumba ile ya geti la bluu." Tuliporudia kupima siku iliyofuata, wengi wa waliokuwa wanakimbia walikuwa wanaingia kwenye mageti ya mtaa uleule. Tunapenda kuamini mwenye mbio ni mgeni anayekatiza. Mara nyingi ni baba fulani aliyechelewa, anayelijua kila shimo na kwa hiyo anajiona hawezi kukosea. Daftari likisomwa kwenye mkutano wa mtaa bila kutaja majina, kila mtu anajijua. Nimeona mwendo ukishuka kwa hilo peke yake, ingawa haukudumu.

Kwa nini ninang'ang'ania 30 wakati sheria inaruhusu 50? Mpe kila kijana wa zege hesabu hii. Dereva akimwona mtoto, inapita kama sekunde nzima kabla mguu haujafika kwenye breki. Gari la kilomita 30 ndani ya sekunde hiyo limekwenda mita 8. Breki zikishika vizuri kwenye lami kavu linahitaji mita nyingine 5, jumla 13, limesimama. Gari la kilomita 50 ndani ya sekunde ileile limekwenda mita 14. Yaani pale gari la kwanza liliposimama, la pili ndiyo kwanza linaanza kushika breki, na mwendo wake wote bado linao. Litasimama mita 28 kutoka lilipomwona mtoto. La kilomita 60 linahitaji karibu mita 37. Sasa tembea hatua 13 kubwa kutoka dukani kwenu, weka jiwe, halafu tembea mpaka 28. Hayo mawe mawili yatazungumza kwenye mkutano kuliko mimi. Na ongeza kwamba upepo wetu wa kiangazi unamwaga mchanga juu ya lami, na pikipiki ikifunga breki kwenye mchanga haisimami, inalala.

Mwaka 2020, mawaziri waliokutana Stockholm na baadaye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa walikubaliana juu ya kilomita 30 pale ambapo watu na magari wanachanganyika. Shirika la Afya Duniani nalo linafundisha kwamba mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, ajali za vifo zinapanda kwa takriban asilimia 4. Pindua hesabu hiyo uone: hata mkishusha mwendo kidogo tu mtaani kwenu, mmeokoa mtu.

Turudi kwenye matuta, maana najua ndiyo mliyoyataka. Siyapingi. Tuta lililojengwa sawasawa na kibali ni msaada mkubwa. Kosa la vijana liko kwenye umbo. Wanawaza kimo kirefu na upana mwembamba, ukuta mdogo wa kumkomesha mtu. Mwaka 1973 mtafiti wa Uingereza, G. R. Watts, alijaribu matuta ya maumbo mengi kwenye maabara ya taifa ya utafiti wa barabara kule kwao. Tuta jembamba lilimtikisa sana aliyekwenda taratibu, lakini aliyekuja kwa kasi springi za gari zilimeza mshtuko na akapita akiwa ameumia kidogo kuliko yule mstaarabu. Umbo lililofanya kazi lilikuwa pana: mita 3.7 kutoka mwanzo hadi mwisho kwa upande wa safari, likipanda taratibu kama mgongo wa kobe mpaka sentimita 10 katikati. Kwenye tuta kama hilo anayekwenda 25 hasumbuki, na kadiri mtu anavyokimbia ndivyo linavyomrusha. Linamwadhibu mwenye kosa peke yake. Siku hizi wengi hushusha kimo kiwe sentimita 7.5 ili magari ya wagonjwa na magari madogo ya chini yasikwaruze, na ningewashauri hivyo.

Tuta moja halisaidii kitu. Dereva atapunguza, atalivuka, kisha atakanyaga mafuta kwa hasira kufidia, na nyumba iliyo mita 150 mbele itapata mwendo mkubwa kuliko wa zamani. Yanapangwa kwa mfululizo, mita 80 hadi 100 kati ya moja na jingine, na la kwanza linakaa karibu na makutano, pale ambapo gari bado halijachanganya. Msiliweke kwenye kona, wala kwenye mteremko mkali, wala mbele ya geti la mtu. Libandikwe kibao kabla ya kufika, lipakwe rangi maalumu ya barabara yenye chembe za kioo zinazorudisha mwanga wa taa. Rangi ya nyumba haifai: vumbi la Dodoma linaimaliza haraka, na ikilowa pikipiki inateleza juu yake.

Kisha maji. Hili naliandika kwa uchungu kwa sababu nilikosea mwenyewe. Mwanzoni mwa kazi nilisimamia matuta matatu kwenye barabara yenye mteremko kidogo, nikayafikisha mpaka kwenye ukingo bila kuacha upenyo. Kilikuwa kiangazi, mwezi wa tisa, nani anafikiria mvua Dodoma mwezi wa tisa? Mvua ya kwanza kubwa ya Desemba ilipokuja, maji yaliyozoea kuteremka kandokando ya lami yakakuta ukuta, yakageuka, yakaingia kwenye uwanja wa mjane mmoja na kubeba kuku wake wote na gunia la karanga za mbegu. Nilienda kumwomba radhi. Alinipa kiti, akanionyesha alama ya maji ukutani, akanyamaza. Tangu siku hiyo sichori tuta kabla sijauliza wazee wa mtaa maji yanapita wapi. Wewe ni mmoja wa wazee hao, unajua yanapopita.

Lakini ukiacha upenyo wa maji, unamwachia bodaboda njia. Atalikwepa tuta kwa pembeni, na pembeni ndipo mtoto anapotembea. Hapa ndipo matuta mengi ya mijini yanageuka hatari mpya: gari limepunguza, pikipiki imehamia kwenye njia ya miguu. Dawa ni rahisi na haina gharama kubwa. Upenyo uwe mwembamba wa maji tu, na kwenye bega la barabara, sambamba na tuta, zisimikwe nguzo fupi za zege zilizopakwa rangi nyeupe. Nguzo mbili kila upande zinatosha kumwambia mwenye pikipiki arudi kwenye tuta kama wenzake.

Mbele ya duka lile la chumvi, au popote watoto wengi wanapovukia, msiombe tuta la kawaida. Ombeni kivuko kilichoinuliwa: tuta lenye mgongo bapa, pana vya kutosha kubeba mistari ya zebra juu yake. Mtoto anavuka akiwa juu kidogo, anaonekana, na dereva anapanda kwake. Zebra iliyochorwa chini tupu kwenye barabara ya mbio inampa mtoto imani ambayo dereva hana.

Rasta, ile mistari myembamba inayotetemesha gari, iacheni kwa barabara kuu. Inaamsha dereva aliyezubaa, haimpunguzi mwendo sana, na kelele zake usiku zitawafanya wenye nyumba za jirani wajute.

Sasa yale ambayo hamkuyawaza, na mengine yanaweza kuanza kwa hizo 420,000.

Miti. Barabara yenye miti pande zote mbili inaonekana nyembamba hata kama upana wake haujabadilika, na dereva anaanza kuhisi kwamba ameingia mahali pa watu. Dodoma tuna kampeni ya kuifanya ya kijani na tuna mwarobaini, mti usiodai maji mengi. Ombeni ridhaa ya mahali pa kupanda, maana chini ya bega la barabara kuna mabomba na nyaya. Msipande karibu na makutano. Pale tunataka macho yaone mbali. Kila mche uwe na kizimba na uwe na nyumba inayoumwagilia, la sivyo mbuzi wataumaliza kabla ya Pasaka. Najua mti unachukua miaka. Mtoto wa darasa la pili ataukuta ukiwa na kivuli akiwa kidato cha kwanza.

Makutano. Tazama kona ya kuingilia mtaani kwenu kutoka barabara kubwa. Kama imezungushwa kwa upinde mpana, gari linaingia bila kushusha gia. Kona ikibanwa, upinde ukawa mdogo, dereva analazimika kukaribia kusimama, na anaingia mtaani akiwa na mwendo wa kibinadamu. Kazi hiyo ni ya mhandisi wa TARURA, wakala aliyeundwa 2017 kusimamia barabara za mijini na vijijini, lakini ninyi mnaweza kuiomba kwa jina. Na pale barabara zenu mbili zinapokatana, kipilefti kidogo cha katikati kinafanya kazi kuliko kibao cha kusimama ambacho hakuna anayekitii.

Geti. Dar es Salaam kuna programu iitwayo SARSAI ya shirika la Amend, iliyopata tuzo ya WRI Ross mwaka 2019 kwa kuzilinda njia za watoto kwenda shule. Walijenga njia za miguu, matuta na vivuko kuzunguka shule, na mahali pengine walifanya jambo ambalo lilinigusa kwa wepesi wake: walihamisha geti la shule kutoka barabara yenye magari na kulifungua upande wenye utulivu. Uliza shule ya jirani yenu geti linatazama wapi. Uliza pia kama duka la chumvi linaweza kufungua dirisha upande wa uchochoro.

Vibao vya "punguza mwendo, watoto wanacheza" mnaweza kuweka, havidhuru. Vinafanya kazi wiki tatu, kisha jicho linavizoea.

Kuhusu trafiki: waandikieni, waje na tochi asubuhi mbili tatu. Faini inauma na habari zinasambaa. Ila hawana askari wa kumsimamisha kila mtaa wa jiji hili, na siku asipokuwepo lami inarudi kusema maneno yake yaleyale.

Bodaboda naomba msiwatendee kama adui. Aliyemgonga mtoto alikuwa mmoja wao, najua, na hasira imewaelekea. Kijana wa pikipiki ana hesabu ya bosi kila jioni. Asipoipeleka, kesho hana chombo. Kila dakika anayokimbia anajaribu kupata abiria mmoja zaidi kabla ya giza. Nendeni kijiweni na daftari la vipimo, muoneni kiongozi wao, kaeni nao kwenye benchi. Wana kanuni zao na wanaadhibiana wenyewe kuliko tunavyojua. Kijiwe kimoja nilichokifahamu kilikubali kwamba anayepita mtaa fulani kwa mbio wakati wa watoto kutoka shule anakosa zamu siku nzima. Waliitunga wao, wakaisimamia wao. Kama gari linalokimbia ni la ofisi, msigombane na dereva barabarani. Namba yake, siku na saa zipelekwe kwa maandishi ofisini kwake, kwa mwenye dhamana ya usafiri.

Utaratibu sasa. Mkutano wa mtaa uitwe, usomewe vipimo, na uamue. Muhtasari uandikwe na mahudhurio yasainiwe. Mwenyekiti aandike barua kupitia kwa mtendaji wa kata kwenda kwa meneja wa TARURA. Kama barabara yenu itaonekana ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, barua itapelekwa huko, msikate tamaa. Nakala kwa diwani na kwa mkuu wa trafiki. Ambatanisheni ukurasa mmoja wa vipimo vya mia, mchoro wa mkono unaoonyesha duka, shule, mahali mtoto alipogongwa na njia ya maji, na picha mbili. Ombi lenye namba linasomwa tofauti na ombi lenye kilio peke yake. Semeni pia mnachoweza kuchangia: kokoto, ulinzi wa kazi, kumwagilia miti. Bajeti za barabara za mitaa ni finyu na mhandisi akiona mtaa uliojiandaa anapata cha kumwonyesha bosi wake.

Katika zile fedha, toa tepu ya mita 50, chaki, daftari, kuchapa na kutoa nakala, miche na vizimba vyake. Zinazobaki ziwekwe kwa jina la mtaa, si kwenye simu yako, na risiti zisomwe kila mkutano. Vijana waliotaka kumwaga zege ndio wawe wapimaji wa asubuhi. Wana uchungu na jambo hili na watasimama mpaka mwisho.

Wakati mnasubiri, jambo moja lisingoje barua. Kwa saa ile ya watoto kwenda shule na ile ya kurudi, mtu mzima mmoja asimame mahali pa kuvukia na kitambaa chekundu au kibao cha mkono. Mtu mzima, tafadhali, si mwanafunzi. Wekeni zamu, nyumba kwa nyumba. Huenda mwenye Noah wa mtaa wenu naye zamu ikamfikia, na huko ndiko ningependa afike.

Ukipeleka barua TARURA, beba nakala mbili. Wagonge mhuri na tarehe kwenye nakala yako, uitunze. Baada ya siku 30 kama kimya, rudi nayo, ukae kwenye benchi la mapokezi uombe kumwona mhandisi wa barabara za mtaa wenu. Mwambie una vipimo. Akikuuliza cha 85 ni ngapi, umjibu.